Siku Elmo Villaruz Alipoanza Kusema "Po"

Wiki iliyopita tulimwacha Luzviminda Agbayani hewani, mdomo wazi, nchi nzima ikimtazama. Alikuwa ameshatamka "Ndugu watazamaji, jioni hii" kwa sauti yake ile ya kubembeleza, na macho yake, kama ilivyo kazi ya msomaji wa habari, yakawa yametangulia mbele kidogo. Ndipo yalipoyaona maneno yanayopanda kwenye skrini ya kusomea. *Jioni hii ndiyo ya mwisho kwangu katika meza hii ya habari za Tanglaw. Nimeamua, kwa hiari yangu, kuacha kazi.*

Hakuwa ameamua kitu. Asubuhi ile alikuwa ameamua kununua viatu vipya tu.

Lakini kamera haina subira na mtu, na taa nyekundu ilikuwa inawaka. Minda, kama wote wanavyomwita, akakaa sawa. Akatabasamu.

"Jioni hii," akarudia, "tufani iliyokuwa ikinyemelea upande wa mashariki imeongeza kasi. Kisiwa cha Catanduanes sasa kiko chini ya alama ya tahadhari namba mbili. Shule zimefungwa, na wanaokaa mabondeni wanaombwa wahame mapema, wasingoje maji yafike magotini."

Haya hayakuwa yameandikwa popote mbele yake. Aliyaokota koridoni dakika chache kabla, yule bwana wa hali ya hewa alipokuwa akilalamika kwamba hakuna anayemsikiliza. Leo alisikilizwa.

Sikioni mwake ikaingia sauti kavu ikimwambia asome kilichoandikwa. Hiyo ilikuwa sauti ya Rodelio Macaspac, Odie kwa wanaomjua, mkuu wa habari, mtu ambaye siku alipopandishwa cheo aliuacha uti wa mgongo nyumbani na hajarudi kuuchukua. Minda akaendelea na tufani. Akaitaja mito, akayataja madaraja, akavitaja vituo vya uokoaji. Maneno ya kuacha kazi yakapanda, yakapita, yakapotea juu ya kioo bila msomaji.

Hapo ndipo mzee akaingilia kati.

Elmo Villaruz, nguzo ya Tanglaw, sura iliyobandikwa kwenye mabango kutoka Quezon City mpaka Davao, alikuwa amekaa kwenye kiti kikuu upande wa kulia wa Minda. Alivaa barong, shati la heshima la Kifilipino, iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, nywele zimekolea piko, nyusi nazo piko. Akamgeukia mwenzake kwa ule uso wa huzuni anaoutunza kwa ajili ya ajali za ndege.

"Pole po, Minda," akasema, mbele ya nchi nzima. "Naona una jambo zito moyoni jioni hii. Sisi sote tuko pamoja nawe po."

Mpiga kamera namba mbili akauma mdomo. Mwenzake akainama ghafla kama aliyeangusha kitu.

Tuelewane vizuri. Po ni kineno kidogo cha heshima ambacho mdogo humwekea mkubwa wake karibu kila sentensi, na mtoto asiyekisema hupigwa jicho na bibi yake. Mkubwa hamwambii mdogo. Ukimsikia mzee anamwekea po aliye chini yake, basi ama anamkejeli, ama anamfundisha kitoto kuongea. Na Elmo alikuwa mwanamume wa kukaribia sitini akimwambia po mwanamke ambaye angeweza kuwa mdogo wake wa mwisho.

Tena Elmo yupi? Yule yule ambaye miaka yote aliyokaa pale hakuwahi kuwaambia po hata watazamaji. Alijivunia hivyo. Alikuwa akiwaambia wanafunzi wa uandishi kwamba habari haimpigii mtu magoti. Mlinzi wa getini alikuwa na umri wa baba yake, na Elmo alikuwa akimwita kwa kupiga mluzi.

Odie akapeleka matangazo ya biashara. Nchi ikaanza kuonyeshwa sabuni ya kufulia.

Minda akafunika kipaza sauti chake kwa kiganja, akamgeukia. Akamuuliza Elmo, kwa utulivu uliomgharimu sana, ni nani aliyemwandikia barua ya kuacha kazi na kuitundika kwenye skrini.

Elmo akafungua mikono yote miwili. Akasema yeye hajui kitu, mambo ya skrini ni ya Odie, Odie na watu wake. Ila kwa kuwa Minda ameuliza, kama kaka yake angependa kumshauri. Kipindi cha asubuhi kinatafuta mtu mchangamfu. Kazi nyepesi, anakaribisha wapishi, anawauliza jinsi ya kukaanga samaki wakavu bila kuwaunguza. Wanawake wengi wa umri wake wangelilia nafasi hiyo.

"Umri wangu," Minda akasema.

"Usilichukulie vibaya po," akasema Elmo, na lile po likamtoka tena kama kwikwi. Hata yeye alilisikia. Akakohoa, akaita maji.

Ni lazima niseme, kwa ajili ya waliojiunga nasi leo, kwamba Minda hakuokotwa jalalani. Alianzia redio ya mji wa Naga akisoma matangazo ya vifo. Akaja kusimama kwenye mafuriko ya mikoa yote, maji ya kiuno, kipaza sauti juu ya kichwa, wakati Elmo akiwa studio anamuuliza kama kunanyesha. Na Elmo je? Elmo aliingia kwenye hewa kwa kutangaza washindi wa bahati nasibu ya sabuni. Akatangaza mapigano ya majogoo, na wanaokumbuka wanasema pale ndipo alipokuwa bora. Akapewa meza ya habari kwa sababu aliyekuwapo kabla yake, Bernabe Tolosa, aliondoka kwenda kugombea.

Kile kiti kina historia. Nusu ya waliokikalia wako serikalini, na nusu nyingine wana kesi. Wapo walio pande zote mbili.

Jobert, fundi wa vipodozi, akaja mbio na sponji yake. Huwaita wote majina ya dhihaka isipokuwa Minda, ambaye anamwita Ate, dada mkubwa, na anamaanisha. Akainama karibu na shavu lake akijifanya anapunguza kung'aa kwa pua.

"Ate, Czarina yuko chumbani kwangu," akanong'ona. "Binti wa mzee. Amekalia kiti chako."

"Anafanya nini?"

"Anatetemeka. Amevaa koti la buluu, mtindo wako, rangi yako. Ananiuliza akikaa mezani mkono upi uwe juu ya mwingine." Jobert akasonya. "Alikuwa wa pili kwenye mashindano ya urembo, basi baba yake anadhani anaweza kusoma bajeti."

Minda akahisi damu ikimpanda masikioni. Kwa hiyo ilikuwa imepangwa imalizike jioni hii hii. Asome kuondoka kwake, afute machozi, na kabla ya hali ya hewa binti awe ameshakaa. Alikasirika kiasi cha kutaka kuipindua ile meza yote.

"Na mzee ana nini na po?" akauliza. "Ameokoka?"

"Ndicho tunachojiuliza wiki nzima. Jana kaniambia mimi, 'Nipatie pamba po.' Mimi, Ate. Mtu aliyeniita wewe-wa-poda tangu tufahamiane. Nikamwangushia kopo zima kwa mshtuko."

Jobert akaondoka huku akicheka. Minda hakucheka. Alikuwa amemtazama Elmo kwa pembe ya jicho, jinsi alivyokuwa akimpungia mkono fundi wa taa, fundi wa taa ambaye hajui hata jina lake. Alimpungia kwa kiganja kilicho wazi, cha kuonekana kutoka mbali.

Hapo akaelewa.

Mzee mzima hafundishwi po na mapadri. Kama hakuipata kwa bibi yake, hawezi kuipata ukubwani ila kwa mtu mmoja tu, yule anayelipwa kuwafundisha wagombea jinsi ya kushika mikono ya wauza samaki bila kuipangusa baadaye. Na wanapofundishwa hawapunguzi. Wanaambiwa waitie kila mahali, nao wanaitia kila mahali, mpaka kwa wadogo zao, mpaka kwa mtu wa poda.

Elmo alikuwa anataka useneta.

Kila kitu kikakaa sawa kichwani mwa Minda. Jumatatu tume ya uchaguzi ingeanza kupokea majina ya wagombea. Elmo alitaka abaki hewani mpaka siku ya mwisho, sura yake ikiingia sebuleni kwa watu bure kila jioni, wenzake wakilipia mabango. Na siku akiondoka, kiti kikuu ni cha Minda; mwenye kituo alishalisema hilo mbele ya watu wote kwenye sherehe ya Krismasi. Kwa hiyo ili binti arithi, Minda ilibidi atangulie kutoka, tena kwa hiari yake, tena kwa tabasamu. Odie naye bila shaka alishaahidiwa meza huko seneti.

Lakini palikuwa na kikwazo kimoja, nacho kilikuwa na umri mkubwa na meno yake yote.

Doña Puring, bibi mkubwa mwenye kituo, aliwahi kuumwa na Bernabe Tolosa. Bernabe alijisifu kwenye habari mwaka mzima, akashinda, akawa makamu wa gavana, na jambo lake la kwanza likawa kuupandishia kodi mtambo wa sukari wa Doña. Tangu siku hiyo mama huyo aliweka amri. Mtangazaji anayetaka kura anaondoka mezani siku ile ile anayozitaka, hata akiwa katikati ya sentensi. Na kila jioni Doña alikula chakula chake mbele ya Tanglaw, simu kando ya sahani.

Sabuni ikaisha. Taa nyekundu ikawaka.

Elmo akasoma habari ya bei ya mchele. Mchele umepanda po, serikali inasema itachunguza po. Ilipofika zamu ya yale mazungumzo mafupi wanayofanya kuonyesha kwamba wasomaji ni binadamu, Minda akaweka karatasi zake chini.

"Kuya Elmo," akasema, kwa ile sauti ya mdogo anayemwita kaka yake mkubwa, tamu kuliko kawaida. "Kabla hatujaendelea. Watazamaji watakuwa wanashangaa kama mimi. Leo umeniambia po."

Elmo akacheka kicheko cha mabango. "Heshima haiangalii umri po."

"Kweli. Ila ni ngeni. Tumekaa hapa muda mrefu na hukuwahi kuniambia. Nani amekufundisha?"

Sikioni mwake Odie alikuwa anamwambia aache mara moja, asome habari inayofuata, amesikia au hajasikia. Minda alikuwa amesikia.

"Mtu anajifunza kila siku," akasema Elmo. Kijasho chembamba kilikuwa kimeanza kuipitia poda kwenye paji la uso.

"Basi nitauliza moja kwa moja ili watu wasisengenye. Jumatatu majina yanaanza kupokelewa. Kuya, waambie watazamaji wako kwamba hugombei useneta."

Swali la namna hiyo hewani si kama swali jingine. Nyumba nzima hugeuza kichwa. Wanaokula huacha kula.

Elmo alikuwa na njia mbili, zote za miba. Akisema hagombei, maneno yale yangerudishwa kwenye kila skrini siku anayojaza fomu, na wapinzani wake wangeyatengenezea wimbo. Akisema anagombea, amri ya Doña ingemnyanyua pale pale. Minda alimtazama na, nisifiche, alifurahi. Alimtazama kama mtu anayemwona mwizi wa kuku amenasa kwenye wigo.

Lakini hatukumtilia maanani Elmo ipasavyo. Mtu aliyetangaza majogoo anajua wakati wa kuruka.

Akainamisha kichwa. Alipokiinua macho yalikuwa yamejaa machozi, machozi ya kweli, mazito, ya kiwango cha juu. Akaigeukia kamera yake, ile inayompenda upande wa kushoto.

"Sikutaka mjue kwa njia hii," akasema. "Mimi ni msomaji tu. Nilitaka kuwatumikia kimya kimya po. Lakini wananchi wakiniita, na Mungu akinituma, mimi ni nani nikatae? Ndiyo, Minda. Nitagombea po."

Na akalia. Akalia vizuri sana. Wakati alipokuwa akitafuta leso, Minda aliona kwenye skrini ndogo chini ya meza jumbe za watazamaji zikimiminika. *Mungu akubariki, Kuya Elmo. Kura yangu ni yako. Mama yangu analia hapa.* Alikuwa amemtega mtu, na badala yake akampa uzinduzi wa kampeni, hewani, wakati wa chakula cha jioni, bila senti kutoka mfukoni mwake.

Odie akapeleka matangazo tena. Safari hii lilikuwa tangazo la maziwa ya unga.

Elmo akafuta machozi yakakauka hapo hapo. Akainuka, akamkumbatia Minda kwa ajili ya wapiga picha wa simu waliokuwa wamejipanga mlangoni, akamsogezea mdomo sikioni.

"Asante, Minda," akasema. "Nilikuwa nahangaika jinsi ya kulitangaza. Umenifungulia mlango."

Po haikuwapo. Ilikuwa ya kamera tu.

Simu ya chumba cha mitambo ikalia. Minda alijua, kwa sababu Odie, kwa kihoro chake, alisahau kuachia kile kitufe cha kuongelea, na yote yakawa yanamwingia Minda sikioni.

"Opo, Doña," Odie akawa anasema, ile ndiyo ya heshima inayomfanya mtu mzima asimame wima mbele ya simu. "Opo. Atoke kwenye kiti kikuu sasa hivi. Opo. Tumhoji kama mgombea yeyote. Opo." Akashusha sauti. "Opo, na mimi nimesikitika. Lakini Minda mwenyewe ndiye aliyetaka kuondoka, Doña. Kwa hiari yake. Alisema hataki hata kukuaga. Opo, yule binti yuko tayari, ataziba pengo."

Minda akasimama wima. Kwa hiyo mama naye alikuwa amelishwa uongo, tena ule wa kuumiza, kwamba mtu ambaye yeye mwenyewe alimtoa kwenye mafuriko akamweka mezani anaondoka kwa kumpa kisogo. Akamwambia Odie kwa kupitia kipaza sauti kwamba ampe simu hiyo. Odie akashtuka, akaachia kitufe. Sikio likawa tupu.

Akaanza kwenda mlangoni. Msimamizi wa studio akamzuia kwa upole. Hewani baada ya muda mfupi, Ma'am, tafadhali ukae.

Tazama sasa meza ilivyopangwa. Elmo akahamia kiti cha wageni, barong haijakunjamana. Kwenye kiti kikuu, kile alichoahidiwa Minda mbele ya watu, akaingizwa Czarina Villaruz, koti la buluu, mkono wa kulia juu ya wa kushoto, kisha wa kushoto juu ya wa kulia. Minda akabaki alipokuwa. Odie alirudi sikioni na maagizo mapya: Minda amkaribishe binti, aulize maswali mawili ya heshima kuhusu maono ya mgombea kwa taifa, kisha aseme kwaheri yake. Akigoma, kipaza sauti chake kitazimwa na binti atamalizia.

Minda akawaza haraka. Simu ya Doña asingeipata leo wala kesho, Odie angehakikisha. Barua pepe zingesomwa na Odie. Mlangoni kwa Doña angekuta walinzi walioambiwa na Odie. Njia ya kumfikia yule mama ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa mbele yake, ina kioo cha duara na taa nyekundu.

Na kipaza sauti kinachoweza kuzimwa kingempa sentensi moja. Labda moja na nusu.

Ikawaka.

"Tumerudi," akasema. "Nimekaa na Bwana Anselmo Villaruz, mgombea useneta, na binti yake Czarina, anayeanza kazi leo. Karibuni."

"Asante po," akasema baba.

"Asante po, Ate," akasema binti, na kwake lilikuwa mahali pake. Alikuwa na sauti ndogo, safi. Macho yake yalimtazama Minda kwa haya, ya mtu aliyekuja kwenye msiba asiojua jinsi ya kutoa pole.

Minda alikuwa amejiandaa kumuuliza baba. Swali lilikuwa limekaa mdomoni. Lakini aliyaona yale macho, na akabadilisha njia. Baba angelia tena. Baba alikuwa na machozi ya akiba.

"Czarina," akasema, "wewe ndiye mpya, basi nikuanze wewe. Baba yako alikwambia nini kuhusu mimi?"

Elmo akanyanyua nyusi zake za piko. Sikioni Odie akaanza kuhema.

Czarina akamtazama baba yake, kisha Minda. Alikuwa amefundishwa kusoma. Kudanganya hewani hakuwa amefundishwa bado. Kozi hiyo huja baadaye.

"Alisema unaumwa, Ate," akajibu. "Alisema umechoka na wewe mwenyewe ndiye uliyeniomba. Kwamba ulisema ungependa nikae mimi kuliko mtu mwingine yeyote. Nililia nilipoambiwa." Akaelekeza kidole mlangoni. "Nilikuletea maua po. Yako chumbani kwa Jobert."

"Mimi siumwi, mdogo wangu," akasema Minda. "Sijaomba kuondoka. Barua ya kuacha kazi nimeionea hapa hapa, na watazamaji nao wangeisikia kama ningeisoma. Na kama kuna mtu mzima anayetusikiliza mbele ya sahani yake ya chakula, naomba ajue kwamba siwezi kuondoka nyumbani kwake bila kumuaga."

Akangoja sauti ikatwe. Haikukatwa. Kitufe cha Odie kilikuwa kimebonyezwa tena, na nyuma yake ile simu ilikuwa inalia.

Czarina alikuwa amegeuka kabisa kwenye kiti. Hakuwa tena na habari na mikono yake.

"Baba," akasema. "Ulisema ametia sahihi. Ulisema uliona kwa macho yako."

"Mwanangu, haya tutayaongea nyumbani po," akasema Elmo kwa kamera.

"Uliniapia. Kwa jina la Mama."

Na hapo, wasomaji wangu, piko ikayeyuka. Mgombea useneta wa muda wa tangazo moja la biashara akaigonga meza kwa kiganja, sauti ikamtoka ile ya zamani, ile ya mluzi wa getini, ile ambayo jengo lote lilikuwa linaijua na nchi haikuwahi kuisikia.

"Funga mdomo wako, mjinga wewe. Nimekupa kiti, unataka na akili nikupe?"

Czarina hakulia. Uso wake ulikuwa umekuwa mweupe chini ya poda, na kwa mara ya kwanza jioni ile hakuonekana kama mtu aliyevalishwa.

"Baba," akasema polepole, "tuko hewani."

Elmo akamtazama. Akaitazama kamera. Mpiga kamera namba mbili, Mungu ambariki, akamsogelea karibu zaidi.

Sikioni mwa Minda sauti ya Odie ilikuwa nyembamba kama ya mtoto. "Opo, Doña. Sikati. Opo, Doña. Nimeondoa mkono kwenye swichi."

Czarina akajivuta mbele mpaka viwiko vikakaa mezani. Akamuuliza Minda kama bado kuna muda. Minda akamjibu kwamba muda upo.

"Kwa sababu Ate si wa kwanza," akasema Czarina. "Bwana Bernabe Tolosa pia hakuondoka kwa hiari yake. Na alichofanyiwa, na kwa amri ya nani hapa kituoni, mimi nilikuwepo sebuleni kwetu walipopanga."

Kwenye simu, ambayo Odie alikuwa ameiweka kwenye spika, Doña Puring akaweka uma chini. Minda aliusikia ukigonga sahani.